Luena: Mkanda mzuri hauponyi mtu ukifungwa mahali pabaya

LUENA, Haut-Lomami – Motokari haizeeki haraka katika mji huu wa makaa ya mawe. Land Cruiser ambayo kwingine ingekuwa imekatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu, hapa inabadilishwa injini, inapewa springi za kamio, inapakwa rangi, na safari ya kwenda Bukama ama Kamina inaendelea. Fundi wa hapa anaheshimiwa kwa sababu hakati tamaa. Kipuri kikikosekana, anakichonga. Lakini kuna kitu kimoja ambacho mara nyingi hakihesabiwi kati ya vitu vya kutengenezwa, nacho ni mkanda wa kiti. Ukikatika unatupwa. Kifungo kikijaa vumbi kikakataa kushika, mkanda unapigwa fundo ama unageuzwa kamba ya kufungia magunia juu ya paa.

Halafu, kati ya vipuri vya mitumba vinavyoingia inchini, hutokea mkanda wa aina nyingine kabisa: ule wa mashindano. Una kamba nne, tano ama sita, pana na nzuri, nyekundu ama bluu, na zote zinakutana kwenye kifungo kimoja mbele ya tumbo. Kijana mwenye motokari ndogo ya zamani akiuona anaupenda mara moja. Anasema moyoni: huu ndio mkanda wa watu wanaokimbia, basi utanilinda kuliko ule wa kawaida. Anamwita fundi aufunge nyuma ya kiti, jioni hiyo hiyo anatoka nao barabarani.

Hapo ndipo penye swali. Je, mkanda huo unamlinda ama unamuweka katika hatari mpya? Jibu haliko kwenye rangi yake wala kwenye jina lililoandikwa juu ya kamba. Liko pale chini, mahali chuma kinaposhika kamba, ambapo abiria hapaoni.

Kwanza tuelewe kazi ya mkanda. Motokari inayokwenda kilomita 50 kwa saa ikigonga mti, yenyewe inasimama, lakini mwili wa mtu aliye ndani unaendelea na mwendo ule ule. Kugonga kwa mwendo huo ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha karibu mita 10, yaani juu kabisa ya mwembe mkubwa. Mtu wa kilo 60, akisimamishwa ndani ya nafasi ya nusu mita tu, anavuta mkanda kama mzigo wa zaidi ya tani moja. Hakuna mikono inayoweza kuzuia nguvu hiyo kwa kushika usukani ama kiti cha mbele. Na mtoto wa kilo 10 aliyepakatwa na mama yake, kwa nukta hiyo moja, anakuwa kama mzigo wa kilo 200. Mama hatamwachilia kwa kukosa upendo. Atamwachilia kwa sababu hakuna mkono wa binadamu unaobeba hivyo.

Ndiyo maana watu wanaoendesha motokari za zamani kwa kasi wanauchukulia mkanda kama kitu cha kwanza. Mfano ulio karibu nasi uko Kenya. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, juu ya vumbi na matope ambayo dereva wa Luena angeyatambua mara moja. Na tangu mwaka 2003 kuna Safari nyingine, ya motokari za kale peke yake: East African Safari Classic Rally. Humo utaona Datsun 240Z, Ford Escort na Porsche 911 za miaka ya 1970 zikikimbizwa tena. Björn Waldegård wa Uswidi, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1979, alishinda mashindano hayo ya kale mwaka 2007 na tena mwaka 2011.

Katika mashindano kama hayo motokari inaruhusiwa kuwa na umri mkubwa. Mkanda hauruhusiwi. Nyuzi za mkanda zinachoshwa na jua, jasho, mafuta na vumbi, hata kama motokari imelala garajini. Kwa hiyo mkanda wa mashindano unaokubaliwa na shirika la FIA, linalotunga sheria za michezo ya motokari duniani, umeshonewa lebo yenye mwaka wa mwisho wa kutumika. Mwaka huo ukipita, unatolewa. Na mkanda uliokwisha kuwa katika ajali kubwa unatolewa pia, hata kama kwa macho unaonekana mzima, kwa sababu nyuzi zake zimekwisha kunyooka mara moja na hazitanyooka tena vizuri. Huo mkanda unaotolewa ndio mara nyingine unaoingia sokoni kama mtumba. Kwa hiyo kabla ya kuulizana bei, mnunuzi atafute lebo. Kama imekatwa, kuna aliyekuwa na sababu ya kuikata.

Safari inatukumbusha jambo lingine pia. Mwaka 1965 Joginder Singh, mtoto wa Kericho, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant wakiwa na Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumiwa na wengine. Volvo ya aina hiyo ilikuwa kati ya motokari za kwanza duniani kuuzwa na mkanda wa ncha tatu, mwaka 1959. Aliyeubuni ni mhandisi Nils Bohlin, ambaye kabla ya hapo alikuwa akitengeneza viti vya kuruka navyo marubani wa ndege za kivita. Volvo iliwaachia watengenezaji wengine wautumie ubunifu huo bila kuwazuia. Ndio mkanda ulioenea leo: mmoja unapita kiunoni, mwingine unapita begani kwa mshazari, na mkono mmoja unatosha kuufunga. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda wa namna hiyo unapunguza karibu kwa nusu hatari ya kifo kwa wale wanaokaa mbele.

Sasa turudi garajini. Mazungumzo ya huko yanajulikana.

“Papa fundi, nifungie huu mkanda kwenye chuma cha kiti, pale nyuma.”

“Kiti chenyewe kimefungwa na nini, kijana wangu?”

“Na bolti mbili. Zile mbili zingine zilipotea.”

“Basi unataka nikufunge wewe kwenye kiti, na kiti kisifungwe kwenye kitu. Mtaruka wote wawili, wewe na kiti.”

Fundi anayejibu hivyo amekwisha kusema kanuni ya kwanza. Mkanda wa mashindano haufungwi kwenye kiti wala kwenye miguu ya kiti. Unafungwa kwenye mwili wa motokari wenyewe, kwenye chasi, ama kwenye chuma cha kukinga paa. Sheria za FIA zinataka kila mahali pa kufungia kamba za kiuno na za mabega pavumilie mvuto wa karibu tani moja na nusu. Sakafu ya motokari ya zamani ni bati jembamba, na mara nyingi kutu imekwisha kulila kutoka chini. Ukitoboa tundu na kupitisha bolti, ama buloni kama wengi wanavyosema, na rondeli ndogo chini yake, siku ya ajali bolti itachomoka na kipande cha sakafu, kama kifungo cha shati kinavyong’oka na kitambaa chake.

Dawa yake inajulikana. Chini ya sakafu linawekwa bamba la chuma lenye unene wa milimita 3 ama zaidi, na eneo la sentimita mraba 40 ama zaidi, tuseme kipande cha sentimita 5 kwa 8. Kona zake zinapigwa tupa ziwe za mviringo ili zisikate bati. Bamba hilo linagawa mvuto juu ya sehemu kubwa ya sakafu. Bolti nayo iwe ya milimita 12, ngumu, yenye alama 8.8 juu ya kichwa. Bolti isiyo na alama, iliyookotwa kwenye kopo la misumari, si ya kazi hii. Na bolti haichomelewi. Moto unaondoa ugumu wake, na cheche zinayeyusha nyuzi za mkanda ulio karibu. Kama sakafu imeoza, kazi ya kwanza ni sakafu, na mkanda unangoja.

Kanuni ya pili ni njia ya kamba. Kamba ya kiuno ipite juu ya mifupa ya nyonga, chini kabisa, ikigusa mapaja. Nyonga ni mfupa mnene na inabeba. Tumbo halina mfupa. Kamba ikikaa juu ya tumbo, siku ya kugonga inakata ini, bandama na matumbo, na mtu anayeonekana hana jeraha anakufa usiku hospitalini. Kwa mama mwenye mimba ni hivyo hivyo: kamba ipite chini ya mimba, juu ya nyonga, kamwe isipite katikati ya tumbo.

Kamba za mabega zina hatari yake. Mafundi wengi wangependa kuzishusha moja kwa moja hadi sakafuni nyuma ya kiti, kwa sababu ni rahisi. Lakini kamba inayoshuka wima inavuta mabega kwenda chini, na siku ya ajali inauminya uti wa mgongo kama mtu anavyokamua muwa. Kamba zinatakiwa ziende nyuma, karibu sawa na mabega, zikishuka kidogo tu. Sheria za mashindano zinakataza kupita nyuzi 45 za kushuka, na zinashauri nyuzi 10 ama chini yake. Motokari za mashindano zina chuma kilichopita nyuma ya viti kwa kazi hiyo. Motokari ya kawaida haina.

Halafu kuna kamba ya katikati ya miguu, ambayo vijana wengi huiondoa kwa sababu inasumbua. Kazi yake ni kushikilia kifungo kisipande. Bila kamba hiyo, kamba za mabega zinapovutwa zinainua ile ya kiuno kutoka nyongani hadi tumboni, na mwili unateleza chini yake. Ndiyo sababu mkanda wa kamba nne usio na ya katikati unaonekana wenye nguvu kuliko wa kawaida, na bado unaweza kuumiza zaidi.

Kanuni ya tatu ndiyo inayosahauliwa hata na watu wenye pesa. Mkanda wa mashindano unamshika mtu wima, hawezi kuinama kulia wala kushoto. Ni sawa ndani ya motokari yenye chuma cha kukinga paa, kwa sababu paa haitashuka. Lakini motokari ya zamani isiyo na chuma hicho ikipinduka, paa inabonyea, na mtu aliyefungwa wima kichwa chake ndicho kinachopokea paa. Mkanda na chuma cha paa ni kama mke na mume: havitenganishwi. Vile vile kiti. Kiti cha zamani chenye mgongo unaolala kikivunjika nyuma, kamba za mabega zinalegea zote, na kazi yote imekuwa bure.

Kwa hiyo jibu kwa kijana mwenye motokari ndogo anayeendesha barabarani, si mashindanoni, ni hili: mkanda wa ncha tatu, mpya ama wa mtumba ambao haujapata ajali, uliofungwa mahali patatu pagumu, utamlinda kuliko mkanda wa kamba nne uliofungwa ovyo. Ncha mbili chini, karibu na nyonga, kila upande. Ncha ya tatu juu, kwenye nguzo iliyo nyuma ya mlango wa mbele, si chini ya bega. Motokari nyingi za miaka ya 1970 zina matundu yenye nyuzi za bolti tayari, yamefunikwa na plastiki ama rangi. Fundi ayatafute kwa kidole kabla ya kushika mashine ya kutoboa.

Na mkanda ukifungwa, ukaguliwe. Uvutwe kwa nguvu ya mwili wote. Usipite juu ya ukingo mkali wa bati. Usijikunje ndani ya kifungo. Kingo zake zisiwe na nyuzi zilizotoka kama manyoya. Usipigwe fundo, kwa maana fundo linapunguza nguvu ya kamba. Mtu akikaa, akaze kwanza kiunoni, kisha mabegani, akiwa amevua koti zito. Vumbi ndani ya kifungo linasafishwa kwa maji na sabuni kidogo, si kwa mafuta ya injini.

Hayo ni ya wenye motokari. Wengi wanaosikiliza habari hizi hawana motokari. Kuna waliofika hapa kwa miguu, kwa baiskeli, ama juu ya magunia ya mahindi, wakikimbia vita na moto uliowaka makwao. Kwao neno mkanda linaweza kusikika kama mzaha. Mtu anayeshukuru kupata nafasi juu ya kamio hataulizwa kuhusu nyuzi 45.

Lakini hapa Luena hatuwezi kusema habari ya kumshika mtu ndani ya chombo bila kukumbuka Buyofwe. Usiku wa tarehe 10 Machi 2022, treni ya mizigo iliyotoka Luena kuelekea Tenke iliacha reli karibu na kijiji cha Buyofwe, katika eneo la Lubudi, mkoani Lualaba. Mabehewa yalianguka bondeni. Hayakuwa mabehewa ya abiria, na bado mamia ya watu walikuwa wamepanda, kwa sababu treni ya abiria ni adimu na barabara ni mbaya. Hesabu ya kwanza ilitaja wafu 60, kisha ikapanda hadi 75, na majeruhi zaidi ya 100. Walikuwa watu wa safari za kawaida: kwenda kuuza, kwenda kumuona mgonjwa, kurudi nyumbani.

Mtu anaweza kufikiri: kama wangejifunga? Hapana. Kamba inamuunganisha mtu na chuma kilichomzunguka, na hali ya chuma hicho inakuwa hali yake. Ndani ya motokari yenye chuma cha paa, ni jambo zuri. Juu ya behewa ama juu ya mzigo wa kamio, kujifunga ni kujiunganisha na kitu kitakachokulalia. Kwa hiyo mama asimfunge mtoto kwenye mzigo hata kidogo. Kinachofungwa ni mzigo, na ufungwe vizuri, kwa kuwa gunia la kilo 100 lililo nyuma ya watu linakuja mbele kwa nguvu ile ile iliyotajwa hapo juu, mara 20 ya uzito wake.

Kwa asiye na mkanda, yapo machache yanayobaki mkononi mwake. Kukaa ndani na chini ni bora kuliko juu na pembeni. Kama kuna nafasi, mgongo uegemee ukuta wa mbele, nyuma ya kabini, kuliko kukaa nyuma kabisa ambapo mtu anarushwa. Watoto wakae katikati ya watu wazima, si kati ya watu na mapipa. Mapipa ya mafuta yasichanganywe na abiria.

Na jambo kubwa kuliko yote ni mwendo. Dereva akishuka kutoka kilomita 50 hadi 25, mwendo umepungua nusu, lakini ukali wa kugonga unabaki robo: kuanguka kutoka mwembeni kunakuwa kuanguka kutoka kimo cha mita mbili na nusu. Hiyo haihitaji kipuri, haihitaji dola, haihitaji kungoja treni ilete mzigo. Inahitaji abiria mmoja mwenye ujasiri wa kugonga bati la kabini na kusema: “Papa, pole pole, tuna watoto huku.” Wengine wakiitikia, dereva anasikia. Dereva naye asione haya. Joginder Singh alijulikana kwa mwendo, na bado hakuna mtu anayesema alikuwa mwoga kwa sababu alifunga mkanda.

Kwa mafundi, kazi iko wazi. Mwenye motokari akileta mkanda wa rangi nzuri, aombwe kwanza aonyeshe lebo. Kisha motokari iinuliwe, sakafu igongwe kwa nyundo ndogo, isikilizwe. Bati zima linalia. Bati lililooza linanyamaza.